Kusakinisha seva ya wavuti kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Kila Jumamosi ninapokaa na watu wanaojifunza kusimamisha seva zao wenyewe, maswali ni yale yale. Mwenye duka la leso Biashara Street anauliza alilouliza mwalimu wa Likoni mwezi uliopita, na mwanafunzi wa Tudor atalirudia wiki ijayo. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mifano ni ya Ubuntu 24.04 na Apache, isipokuwa pale nilipotaja mfumo mwingine. Kama tovuti yako imegoma kufunguka na huna muda, ruka hadi swali la 9.

## Mwanzo kabisa

1. Seva ya wavuti ni kompyuta au ni programu?

Neno moja limebeba vitu viwili. Kuna mashine, na kuna programu inayokaa ndani yake ikisubiri maombi kutoka kwenye vivinjari vya watu. Katika ukurasa huu nikisema seva nina maana ya mashine, na programu nitaitaja kwa jina lake, Apache au Nginx.

Kazi ya programu hiyo ni kama ya muuzaji aliyesimama kaunta. Mteja anataja anachotaka, muuzaji anakwenda rafuni, anakileta au anasema hakipo. Lile jibu la 404 mnaloliona mtandaoni ndilo hilo la "hakipo". Apache husikiliza kwenye mlango namba 80 kwa mawasiliano ya kawaida, na namba 443 kwa yale yaliyofungwa kwa siri.

2. Linux ni bure kweli, au watanidai baadaye?

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ni bure, na si ile bure ya kujaribu kwa siku thelathini. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Debian, mmoja wa mifumo iliyojengwa kwa Linux, ilianzishwa 1993. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitoka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake Mswahili halihitaji kutafsiriwa: ubuntu, utu.

Utakacholipia ni mashine au kodi yake, stima, intaneti na jina la tovuti. Ukiona mtu anakuuzia leseni ya Ubuntu, usimlipe.

3. Nichague Ubuntu, Debian au AlmaLinux?

Anayeanza namshauri Ubuntu toleo la LTS, kwa sababu linapata marekebisho ya usalama kwa miaka 5 na msaada wake ni mwingi kupatikana. Debian ni tulivu na nyepesi, na karibu amri zote za hapa zinafanya kazi kule pia (ila 'Apache Full' ya swali la 9 kule ni 'WWW Full'), mradi utangulie kusakinisha ufw (programu ya ngome) na sudo (amri ya kutenda kwa mamlaka ya msimamizi) kama hazipo. AlmaLinux na Rocky Linux zinafaa kama ofisi yenu imezoea familia ya Red Hat. Huko Apache inaitwa `httpd` na inasakinishwa kwa `dnf`.

Kosa kubwa zaidi kuliko kuchagua vibaya ni kuendelea kutumia toleo lililokufa. CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024, lakini bado nakutana na seva zinazoitumia kuhifadhi taarifa za wateja. Hizo zihamishwe.

4. Apache au Nginx?

Zote mbili ni nzuri na zote ni huria. Apache ipo tangu 1995. Nginx iliandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma 2004, akilenga kuhudumia maelfu ya wageni kwa wakati mmoja bila kula RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) nyingi. Kwa tovuti ya duka, shule au hoteli ndogo ya Nyali hutaona tofauti. Mimi hufundisha kwa Apache kwa kuwa mipangilio yake inasomeka, na tovuti za WordPress (programu ya kujengea tovuti) hutegemea `.htaccess`, faili ya mipangilio ya Apache ambayo Nginx haiisomi. Usisakinishe zote mbili kwa pamoja. Sababu iko swali la 9.

## Mashine, na mahali pa kuiweka

5. Nina kompyuta kuukuu nyumbani. Inatosha?

Kwa kujifunza inatosha sana. Ubuntu isiyo na madirisha, ikiwa na Apache na tovuti ndogo, inaenda vizuri kwenye RAM ya GB 2.

Lakini Mombasa ina mambo yake. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vikikutana na vumbi juu ya ubao wa kompyuta huanza kula shaba taratibu. Nimefungua mashine zilizokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini nikakuta kutu kwenye skrubu na ukijani kwenye viunganishi. Iweke mbali na dirisha, juu ya meza wala si sakafuni, na uipanguse vumbi kila baada ya miezi michache. Stima ikikatika ghafla wakati diski inaandikwa, hifadhidata inaweza kuharibika, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba) ni lazima hata kwa mashine ya mazoezi. Na usiifungie kabatini mwezi wa Februari, joto litaiua.

6. Nyumbani naiona seva yangu. Kwa nini rafiki yangu aliye Changamwe haioni?

Kwa sababu anwani unayoiona pengine haijulikani nje ya nyumba yako. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu. Hata ile iliyo kwenye ruta huenda si yako peke yako: watoa huduma wengi hugawa anwani moja ya nje kwa wateja wengi, kwa kuwa anwani za IPv4 zimeadimika.

Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko ndani ya mgao huo, na hakuna kubofya kwa ruta kutakakokusaidia. Ama uombe anwani ya kudumu kwa malipo, ama ukodishe seva iliyo nje. Kwa tovuti ya biashara mimi naona kukodisha ndiyo njia ya busara.

7. Seva ya kukodi iwe Kenya au Ulaya?

Angalia wageni wako wako wapi. Mwanga ndani ya nyaya za baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 60 au zaidi kabla seva haijafanya lolote, na ukurasa mmoja huenda na kurudi mara nyingi. Kama wateja wako ni watu wa Kongowea na Bamburi, seva iliyo Kenya ni karibu nao. Kama ni watalii wanaotafuta chumba wakiwa Ujerumani, Ulaya inafaa.

Kuna jambo la pili. Nyaya zinazotuunganisha na dunia zinaingilia papa hapa Mombasa: TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mwaka 2012 meli ilitupa nanga nje ya bandari yetu ikakata TEAMS, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo, tovuti iliyo ndani ya nchi huendelea kufunguka kwa watu wa ndani. Kwa zahanati au shule hilo lina uzito.

## Kusakinisha

8. Amri zenyewe ni zipi?

Ni chache kuliko watu wanavyodhani:

```
sudo apt update
sudo apt install apache2
systemctl status apache2
curl -I http://localhost
```

Ya kwanza inaleta orodha mpya ya programu, ya pili inasakinisha, ya tatu inauliza kama Apache inakimbia, na ya nne inajifanya kivinjari na kubisha hodi kutoka ndani (ikikosekana, `sudo apt install curl`). Unatafuta `active (running)` kwenye ya tatu na `200 OK` kwenye ya nne. Ukivipata vyote viwili, Apache yako iko hai, hata kama kivinjari cha simu kinasema vingine.

Kwenye AlmaLinux ni `sudo dnf install httpd`, kisha `sudo systemctl enable --now httpd`, maana kule programu haijiwashi yenyewe baada ya kusakinishwa.

9. Nimesakinisha, lakini kivinjari hakionyeshi kitu. Nianze upya?

Usianze upya. Hili ndilo swali ninalolijibu kuliko yote, na karibu kila anayeniletea ameshafuta na kusakinisha mara tatu, akizidi kuchanganya mambo. Anza ndani ya seva, kisha utoke nje hatua kwa hatua. Pale jibu linapokatika ndipo penye tatizo.

Hatua ya ndani kabisa ni programu yenyewe. Ikiwa `systemctl status apache2` inasema `failed`, endesha `sudo apache2ctl configtest`. Kama kosa liko kwenye mipangilio itakutajia faili na mstari. Ikisema `Syntax OK` na bado haiwaki, kuna mwingine aliyeukalia mlango. Endesha `sudo ss -tlnp` utazame nani yuko kwenye namba 80. Mara nyingi ni Nginx iliyosakinishwa wiki iliyopita ikasahaulika.

Kisha bisha hodi ukiwa ndani, kwa ile `curl` ya swali la 8. Ikijibu, Apache haina kosa tena, iache.

Sasa toka hadi kwenye ngome, yaani programu inayoamua milango ipi iwe wazi. `sudo ufw status` itakuonyesha. Kama ngome imewaka na 80 haimo, `sudo ufw allow 'Apache Full'` inafungua 80 na 443 kwa pamoja. Kama haijawaka, soma swali la 10 kabla ya kuiwasha.

Baada ya hapo kuna ngome ya pili ambayo wengi hawaijui: ya yule aliyekukodishia seva. Hiyo huwekwa kwenye ukurasa wa akaunti yako na haionekani kabisa kutoka ndani ya mashine. Ni kama Ngomeni pale Mji wa Kale: unaweza kuacha mlango wa chumba chako wazi kabisa, lakini lango kuu likifungwa mgeni hakufikii.

Mwisho, fungua anwani ya IP kwenye simu yenye bando, si kwenye WiFi ya nyumbani. Andika `http://` mwanzoni wewe mwenyewe, kwa sababu vivinjari vya siku hizi hukimbilia https (yale mawasiliano ya siri ya mlango 443) hata kabla hujaweka cheti. Ikifunguka kwa IP lakini si kwa jina, nenda swali la 13.

Alama moja ya kukuokolea muda ni namna kosa linavyokuja. `Connection refused` inayotokea papo hapo kwa kawaida ina maana umefika kwenye mashine lakini hakuna anayesikiliza mlango huo. Ukurasa unaozunguka hadi kuchoka, mwisho `timed out`, kwa kawaida ni ngome inayomeza ombi kimya kimya. Ukitofautisha haya mawili umeshajua upande wa kutafuta.

10. Niliwasha ngome, sasa siwezi kuingia kwenye seva.

Umejifungia nje. Lilinipata mimi Ijumaa moja jioni kwenye seva ya shule, matokeo ya wanafunzi yakiwa ndani, na sijasahau jinsi mwili ulivyonifa ganzi. ufw ikiwaka hukataa kila kinachoingia ambacho hukukiruhusu, pamoja na SSH unayoitumia kuingilia. Kwa hiyo mpangilio ni huu, bila kuruka:

```
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Apache Full'
sudo ufw enable
```

Usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, jaribu kuingia kwa SSH, ukiingia ndipo ufunge la kwanza. Kama umeshafungiwa, watoa seva wengi wana konsoli ndani ya kivinjari inayopita nje ya SSH. Ingia kwa hiyo, andika `sudo ufw allow OpenSSH`, umefunguliwa.

11. Naweza kuweka tovuti ya duka na ya madrasa kwenye seva moja?

Unaweza, hata kumi. Kila tovuti ipe folda yake chini ya `/var/www`, na faili yake ya mipangilio. Kwa mfano `/etc/apache2/sites-available/duka.conf`:

```
<VirtualHost *:80>
    ServerName jinalako.co.ke
    ServerAlias www.jinalako.co.ke
    DocumentRoot /var/www/duka
</VirtualHost>
```

Kisha:

```
sudo a2ensite duka
sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl reload apache2
```

Kivinjari hutaja jina la tovuti ndani ya ombi, na Apache hulilinganisha na `ServerName`. Jina lisipolingana na lolote, hupelekwa kwenye tovuti ya kwanza kwa mpangilio wa alfabeti ya majina ya faili. Ndiyo maana mtu aliyezima tovuti ya mfano ya Apache (`000-default`) anafungua ya madrasa anakuta leso: kuna herufi moja iliyokosewa kwenye `ServerName`.

12. Naona "403 Forbidden". Nimeambiwa niandike chmod 777.

Aliyekuambia amekupa funguo uzigawe mtaani. Ruhusa ya 777 inamruhusu kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine kuandika ndani ya tovuti yako.

Apache hukimbia kwa jina la `www-data`, na inahitaji kusoma faili na kupita kwenye kila folda iliyo njiani. Folda 755, faili 644, basi. Ili kuona mlango gani njiani umefungwa, `namei -l /var/www/duka/index.html` itakuorodheshea ruhusa za kila hatua. Kwa kawaida mkosaji ni tovuti iliyowekwa ndani ya `/home`, ambapo folda ya mtumiaji imefungwa kwa wengine. Ihamishie `/var/www`. Pia hakikisha faili ya `index` ipo kweli.

Kwenye AlmaLinux kuna SELinux, mlinzi wa ziada anayetumia lebo za faili, juu ya hayo yote. Faili zilizohamishwa kwa `mv` kutoka nyumbani hubaki na lebo ya nyumbani. `sudo restorecon -Rv /var/www` inazirekebisha. Usiizime SELinux kwa sababu ya hilo.

## Jina na cheti

13. Nimenunua jina la .co.ke lakini halifunguki.

Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, nawe unayanunua kupitia mawakala wake. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, shule .sc.ke, vyuo .ac.ke. Kununua jina hakuliunganishi na seva. Lazima uweke rekodi ya A inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP, na nyingine kwa ajili ya www. Pima kwa `dig +short jinalako.co.ke`. Ikirudisha IP yako, kazi imekwisha. Ikirudisha ya zamani, subiri: TTL (muda wa kukumbuka jibu, kwa sekunde) ya 3600 ina maana jibu la zamani linaweza kukumbukwa kwa saa nzima.

14. Cheti cha HTTPS ni pesa ngapi?

Si lazima ulipe chochote. Let's Encrypt wanatoa vyeti bure kwa umma tangu Desemba 2015.

```
sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache -d jinalako.co.ke -d www.jinalako.co.ke
```

Jina liwe limeshaelekezwa (swali la 13) na mlango wa 80 uwe wazi (swali la 9), kwani wanakuja kubisha hodi kuhakiki kwamba jina ni lako. Cheti cha kawaida hudumu siku 90, na certbot hukihuisha yenyewe. Pima leo kwa `sudo certbot renew --dry-run`, kwa sababu tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha, na mtu wa kwanza kujua kwamba cheti kimekwisha atakuwa mteja wako. Ukifeli mara kadhaa usiendelee kujaribu kwa hasira. Kuna kikomo, na utafungiwa kwa muda. Rekebisha kwanza.

## Baada ya seva kuwaka

15. Niliweka kazi ya saa tisa usiku, ikafanyika saa sita mchana.

Hili ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili. Cron, programu inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga, haihesabu saa kutoka machweo na macheo. Saa tisa usiku kwake ni 3, wala si 9. Zaidi ya hapo, seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Aliyeandika 9 kwenye seva ya UTC amepata 12:00 ya Mombasa, yaani saa sita mchana, Apache inawashwa upya wateja wakiwa katikati ya kununua.

Panga ukanda wa saa kwanza, uiwashe upya cron, kisha uandike saa ya kompyuta:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo systemctl restart cron
0 3 * * * /usr/local/bin/nakala.sh
```

Mstari wa mwisho unakwenda ndani ya `crontab -e`.

16. Logi (daftari la maombi ya seva) inaonyesha watu wasiojulikana wanaomba wp-login.php, na mimi sina WordPress. Nimeshambuliwa?

Umebishiwa hodi tu. Roboti hupita kila anwani duniani zikijaribu, na zitaanza siku ile ile seva inapowaka. Ombi linalojibiwa 404 halikukudhuru. La maana ni kuingia SSH kwa ufunguo badala ya nenosiri, kuacha `unattended-upgrades` ikisakinisha marekebisho ya usalama, na kufuta programu usizozitumia. Logi ziko `/var/log/apache2/`. Jenga mazoea ya kusoma `error.log` kabla ya kuuliza mtu.

17. Tovuti ilikuwa sawa, ghafla imekufa.

Angalia `df -h`, diski ikijaa hifadhidata hushindwa kuandika. Kisha `free -h`. Kwenye seva ya GB 1 RAM ikiisha, Linux huchagua programu ya kuua, na mara nyingi ni MariaDB, programu ya hifadhidata. `sudo dmesg | grep -i "killed process"` itakuonyesha. Kuongeza faili ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 hutuliza, ingawa dawa ni RAM zaidi. Ukiona 502 au 503 badala ya kimya, Apache iko hai na kilichokufa ni kilicho nyuma yake, kwa mfano PHP-FPM inayoendesha msimbo wa PHP.

18. Tovuti yangu inapokea majina na namba za simu za wateja. Kuna sheria?

Ipo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kusanya unachohitaji tu, kitunze kwa usalama, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Logi za Apache nazo zina anwani za IP za watu, kwa hiyo usizitume ovyo kwenye makundi ya WhatsApp ukiomba msaada. Funika kwanza.

19. Nakala rudufu nihifadhi wapi?

Popote pasipo kwenye seva hiyo hiyo. Unahitaji `/var/www`, `/etc/apache2`, na hifadhidata iliyotolewa kwa `mysqldump` au `mariadb-dump`, maana kunakili faili zake zikiwa zinaandikwa huleta nakala mbovu. Peleka kwa `rsync` kwenye mashine nyingine, na moja ubaki nayo kwenye diski ya nje.

Kisha mara moja kila mwezi ichukue ile kompyuta kuukuu ya swali la 5, uirudishe tovuti nzima humo kutoka kwenye nakala, uifungue na kuisoma. Mwenye duka mmoja aliniletea miezi minane ya faili za nakala, zote baiti sifuri. Nenosiri la hifadhidata lilibadilishwa, lakini ndani ya hati ya amri za kunakili lilibaki la zamani. Tuligundua tukiwa tunazihitaji.